Mlio wa Perere

Sisi tuliokulia Olenguruone kabla ya taa za stima kuingia kila boma, hatukuhitaji saa. Jioni ilitangazwa na perere. Ni mnyama mdogo tu wa mitini, mnene kama sungura, lakini sauti yake ilikuwa ya kitu kikubwa chenye uchungu. Ilianza polepole, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu, ikaenda mbio, ikapanda, ikaishia kwa ukelele wa mtoto anayeburutwa. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta sana, na bado haijafika. Sikusomea kuandika, na nikikosea mlio huu nahisi nimewakosea watu wa kwetu.

Ukungu wa Mau ukishuka, tulitumwa kuni nyuma ya jikoni. Perere akianza, mbio. Lazima uwe ndani kabla ya ukelele. Aliyepatwa nje tulisema amechukuliwa, na aliyeingia ndani ni perere. Alikula nasi viazi vya majivuni, lakini hakuna aliyemjibu mpaka asubuhi. Siku moja alipatwa dada yangu Cherono.

"Sawa, mimi ni perere," akacheka. "Nipeni chumvi."

Hatukumpa. Nilimtazama usoni kwenye mwanga wa moto, muda mrefu, nikakosa uhakika kwamba ni yeye. Nikalia. Mama akanivuta karibu. "Nyamaza. Huyo wa mitini analia kwao. Wewe utalia ukiwa kwa watu."

Sasa niko kwa watu. Nafunga maua ya kampuni huko Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Jioni viboko hukoroma, lakini vijana wa ploti tunayopanga wameziba masikio kwa muziki tangu waamke. Ukiwauliza kuhusu mkoromo huo, hujibu: "Boss, si hiyo ni jenereta?"

Mimi naogopa kitu kingine. Mlio wa perere unafifia kichwani mwangu, na ukiisha, sijui nitakuwa nikikumbuka nini nikisema nyumbani. Jumapili jioni nikampigia Mama.

"Toka nje, uelekeze simu kwenye miti," nikamwomba.

"Miti gani? Walikata. Umebaki ule mmoja wa mpakani."

Nikasikia upepo, na pumzi zake.

"Ameanza," akanong'ona. "Unamsikia?"

Nilibana simu mpaka sikio likauma. Hapakuwa na kitu. Mama akaendelea, taratibu: anapanda, anapanda, huyo amefika. Kisha akashusha pumzi.

Zamani mlio ule ulijaza mlima mzima. Siku hizi anausikia mtu mmoja, naye anazeeka.