Maji ya Umuganda na Gauni Yangu ya Harusi

Hata leo nikipita sokoni na mutu akicheka kidogo tu, mi najua anacheka harusi yangu, na simulaumu.

Bon. Hapa Gisenyi watu wote wanapigaka picha za harusi kwenye ziwa. Mi nikakataa (kichwa ngumu, mama yangu alisemaka), nikataka ile daraja ya mawe ya zamani yenye inabeba mufereji juu ya muto Sebeya. Mama ya muchumba wangu, yeye mulimaji wa kule Mudende mashambani, alikuwa ananiona dada wa mujini wa kujipamba tu, na nilitamani sana anipende, hata kidogo. Donc nikamwita tupige picha sisi wawili asubuhi ya harusi, kabla ya misa.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile siku watu wote wanatokaka kufanya kazi ya pamoja. Toka asubuhi watu walikuwa wamefunga maji ili watoe matope, mufereji ikakauka kabisa, na mi nikajiona na akili: tuingie ndani, katikati ya kuta za mawe!

Mama ya muchumba akasita. “Binti, maji watafungua saa ngapi?”

“Usiogope, Mama, umuganda haijaisha.” (Nani aliniambia? Hakuna!)

Tukasimama pale, mi na gauni nyeupe, yeye na mushanana mupya, ile nguo ya sherehe ya kufunga begani. Kule juu watu wakaanza kupiga kelele na kupunga majembe, mi nikazani wanashangilia bibi harusi, nikawapungia mukono, tena nikawatupia busu. Yesu we! Maji ikakuja na matope yote yenye ilibakia, ikanichota miguu, nikakaa chini puu, nikaanza kuteleza na gauni yangu. Mama akanidaka kwapani, akakaza miguu kwenye mawe, akanirusha juu ya ukuta kama gunia ya viazi, kisha naye akapanda, matope mpaka kwenye meno.

Nikalia. “Mama, nisamehe, nimekuaibisha.”

“Utalia kesho. Padri anangoja.”

Tukaingia kanisani vile vile, tunadondosha maji, mi natamani ardhi inimeze. Yeye hakuachilia mukono wangu mpaka mbele. Bwana harusi akatuangalia, akanong’ona, “Mulipigana? Nani alishinda?”

Kwenye sherehe, wakati wa familia kusema, Mama akasimama, akaambia wazazi wangu, “Musiniambie ni mukwe. Huyu nilimutoa kwenye maji mimi mwenyewe. Ni mutoto wangu.”

Nikalia tena, pale pale mbele ya wageni. Lakini nimeapa: toka siku ile picha ni za ziwani tu, na siku ya umuganda mi nitashika jembe kama wengine.