Fundi wa Katwe na Mapumziko ya Naguru

Saa mbili asubuhi, Alhamisi ya tarehe mosi Juni, 1978. Katika ua wa nyumba ya askari polisi mmoja, juu ya kilima cha Naguru, watu kumi na tisa wameketi chini wamenyoosha miguu. Anselme Katembo anapita mbele yao akiwa amechuchumaa, mguu baada ya mguu, akibonyeza visigino kwa kidole gumba. Hasimami, anasogea hivyo hivyo kama mtu anayepalilia.

Miguu yenyewe ni michafu, tena si haba. Vumbi jekundu limepanda hadi magotini na kugandamana. Wenye miguu hiyo walifika jana jioni kutoka Kasese, mwendo wa kilomita karibu mia tatu na sabini, na tangu watoke huko hawajaruhusiwa kuitia maji hata tone.

"Papa Anselme, unatupatisha haya," analalamika Mama Monique, mjane wa miaka sitini na miwili, mkubwa kuliko wote katika msafara. "Tuko ku nyumba ya batu! Hata mbuzi iko na miguu safi kupita siye."

"Mbuzi haiende Namugongo, Mama," anajibu Anselme, na kubonyeza tena.

Anselme ana miaka arobaini na saba. Siku nyingine zote za mwaka ni fundi viatu katika mtaa wa Katwe, jijini hapa, mshonaji wa makubazi ya matairi. Alizaliwa karibu na Beni, ng'ambo ya mpaka, akakimbia vita mwaka 1964 akiwa na kisu, sindano na nguo alizovaa. Zamani alikuwa akimaliza jozi kumi na tano kwa siku. Siku hizi akimaliza sita anashukuru, maana magari mengi yamesimama kwa kukosa petroli, na tairi la gari lililosimama halichakai.

Kila Mei anafunga kibanda, anapanda treni hadi Kasese, kisha anarudi kwa miguu. Jirani zake humcheka: watu hupanda treni wafike, yeye hupanda treni apate pa kuanzia kutembea. Anarudi na mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe tatu Juni. Huu ni mwaka wake wa saba.

Kuongoza sala si kazi yake. Hiyo ni ya katekista. Kazi ya Anselme ni moja tu, nayo ndiyo inayomnyima raha: kuchagua siku za kupumzika. Safari ina siku kumi na sita za kutembea na tatu za kupumzika, na hizo tatu zikikaa vibaya, msafara unavunjika.

"Mapumziko haiko ya kungoja mguu iume," anasema. "Ikisha kuuma, umechelewa."

Ndiyo maana ya kwanza huiweka siku ya nne, wakati kila mtu bado anajiona shujaa na kunung'unika kwamba anacheleweshwa. Pia hapumzishi watu chini ya mlima. Huwapandisha kwanza, kwa sababu mtu akishinda anautazama mlima kutwa nzima, kesho yake anaamka amekwisha kuupanda mara kumi.

Lakini hakuzaliwa anajua. Mwaka 1973 alifanya kosa ambalo fundi viatu peke yake angeweza kulifanya. Siku ya mapumziko ya kwanza alichemsha maji, akatia chumvi, akawalowesha wote miguu kwa saa nzima, kisha akaipaka mafuta, vilevile anavyolainisha ngozi kavu ya ng'ombe. Watu walimsifu. Kesho yake kabla ya adhuhuri malengelenge yalikuwa yametapakaa, nyayo zinabanduka, na kati ya watu kumi na wanne ni watatu tu waliofika kwa miguu. Waliobaki walipakiwa kwenye lori la ndizi, dada yake Julienne akiwa juu kabisa, akimtukana njia nzima.

"Niliwaza ngozi ni ngozi," anasema, na aibu bado inaonekana usoni mwake. "Kumbe ya ng'ombe imekufa. Ya mutu inaishi."

Tangu siku hiyo sheria ni moja: miguu ibaki mikavu, ijenge sugu yake, maji ni baada ya kufika.

Mwaka huu tatizo lilikuwa mapumziko ya tatu, ya mwisho. Wote walitaka Katwe, kwa Wakongo wenzao, kwenye wali, maharage na nyimbo za nyumbani. Anselme alikataa. Sababu ya kwanza aliitaja kwa sauti: ukipumzikia kwa ndugu hupumziki. Mwaka juzi mahujaji wake walishinda siku nzima wakizunguka kusalimia mashangazi na wajomba, kwani kumpita mmoja ni kuanzisha ugomvi, na jioni walikuwa wamechoka kuliko walivyofika.

Sababu ya pili aliisema kwa kunong'ona. Mwezi huo wa Mei wanajeshi walikuwa wakiingia Katwe kusaka bidhaa za magendo na watu wasio na vipande vya utambulisho. Kati ya mahujaji wake, kumi na wawili walitoka ng'ambo wakiwa na barua tu ya padri, ya Kifaransa. Kifaransa kwenye kizuizi hakimwokoi mtu.

Aliyejitolea kutoa ua wake ni Alum, Mama Onen, anayemletea Anselme viatu vya watoto kila muhula. Mumewe, Ogwal, ni sajini wa polisi. Wote ni Walango, kabila la rais aliyepinduliwa na wanajeshi, na katika miaka hii majirani wenye majina kama yao wamepungua pale kwenye kambi ya polisi bila mtu kuuliza wamehamia wapi. Mambo yakiharibika, hawataulizwa wageni peke yao.

"Niliwaza, askari wanatafuta batu wapi? Katwe. Ku nyumba yao wenyewe hawatafute," anasema Anselme. Hata hivyo anakiri kwamba aliogopa njia nzima.

Saa nne, jipu la jeshi linasimama mbele ya ua.

Anashuka mkubwa mmoja, ambaye jina lake hatukuliuliza, na si kwa kusahau. Nyuma yake wako askari wawili wenye bunduki. Ogwal yuko kazini. Alum anatoka jikoni mikono imejaa unga.

"Hii watu nani?" anauliza mkubwa, kwa Kiswahili cha jeshini.

"Wageni yangu, afande. Nakwenda Namugongo."

"Natoka wapi?"

"Kasese. Kwa miguu."

"Kwa miguu!" Anacheka, na hakuna anayecheka naye. "Kila mtu ya magendo nasema nakwenda kuomba Mungu. Lete kipande."

Anselme anainuka na barua ya padri. Mkubwa haipokei, anatazama chini. Anaanza kuupita mstari polepole, miguu baada ya miguu, hadi kwa Mama Monique. Anainama, anakwaruza vumbi kwenye muundi wa yule mjane kwa fimbo yake.

"Mama, hii vumbi ya wapi?"

"Ya Kyenjojo, mwanangu," anasema Mama Monique, na uchungu wake wote wa majuma mawili unamtoka. "Na hii ya juu yake ni ya Mubende. Huyu fundi anatukataza kunawa! Mimi mutu muzima! Niko na haya, mwanangu, usiniangalie."

Mkubwa anawageukia askari wake.

"Mtu ya magendo napanda lori," anasema. "Hii miguu hapana panda lori."

Anamkazia Anselme macho. "Wewe nakataza mama mzee kuoga? Mbaya sana." Anapanda jipu, na jipu linateremka kilima.

Mlio wake unapotea kabisa. Halafu kicheko kinalipuka, cha watu kumi na tisa kwa pamoja. Alum anaketi chini palepale, anajifuta machozi kwa mikono ya unga na kuzidi kuupaka uso wake weupe.

"Nafuu kama hii sijaisikia toka nivuke mupaka," anasema Anselme. Analia waziwazi, wala hajifichi. "Mungu ni mukubwa, na Mama Monique anamufuata."

Kesho wataondoka alfajiri kumaliza kipande cha mwisho. Mwakani Anselme anataka kuleta watu thelathini, na mapumziko ya tatu amekwisha kuyachagua. Lililobaki ni kuomba ruhusa ya wenye ua.

Anaomba adhuhuri, Ogwal anaporudi kula na kusimuliwa yote. Sajini anasikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kutabasamu.

"Mwaka kesho, Mama Onen," Anselme anamuuliza Alum kwa upole, "nikileta batu, nitawakuta hapa?"

Alum anamtazama mumewe.

Ogwal anatundika kofia ukutani, anavua buti, anaketi chini katikati ya wageni.

"Leta," anasema. "Tutakuwepo."