Nimenunua kiwanja Bagamoyo, fundi alipochimba msingi majirani wakaanza kutambua vitu vyao

Wakuu, habari za majukumu.

Haya ninayoleta yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sijaongeza. Nilichobadilisha ni jina la mama mmoja tu, humu nitamwita Bi Mwanaidi.

Naishi Tegeta, nyumba ya kupanga, mke na watoto. Mwaka jana tukapata kiwanja Bagamoyo, ukitoka mjini kama unaelekea Makurunge. Kiko flati, kimemwagwa kifusi chekundu kikashindiliwa, gari unaingiza mpaka katikati. Mke wangu alishuka, akaanza kunionyesha kwa hatua sebule itaishia wapi.

Najua mtaniuliza due diligence, yaani kama nilichunguza kabla ya kununua.

Nilifanya. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mashahidi walikuwepo, mipaka tuliizunguka kwa miguu, kesi hakuna. Karatasi zilikuwa safi kabisa.

Majirani nao watu wa pwani, ukarimu wao mnaujua. Bi Mwanaidi, mama mtu mzima ambaye nyumba yake inapakana na kiwanja, alitutandikia mkeka na kutukarimu madafu siku ya kwanza tu. Njiani kurudi mke wangu akasema hapa tumepata majirani.

Tukajibana, tukaita fundi.

Siku ya kuchimba msingi nilikuwepo site. Chepe zilipita vizuri kwenye kifusi, halafu zikaanza kuvuta vitambaa. Pampasi. Mifuko ya kila rangi. Godoro zima. Viatu vya shule. Kadiri walivyoshuka ndivyo vilivyozidi, na harufu ikapanda mpaka vijana wakajifunga fulana puani.

Fundi akatoka shimoni, akanawa, akaniambia, "Boss, hapa siweki jiwe. Hii siyo ardhi."

Sasa hapa ndipo kilipotokea kituko. Majirani walikuwa wametoka kutazama, na mama mmoja akajisahau. "Jamani, si beseni langu lile lililopasuka Ramadhani!" Mwingine akatambua pazia la mama mkwe wake. Wakacheka kweli.

Halafu wakaniona nimesimama pale. Kicheko kikakatika, watu wakarudi ndani mmoja mmoja.

Nilikasirika, sifichi. Nilimpigia muuzaji, simu haipatikani mpaka leo. Nikasubiri mkutano wa kitongoji.

Kwenye mkutano ndipo nilipopata picha kamili. Zamani gari la taka lilikuwa linaingia kwa kupitia shamba la mtu. Shamba likauzwa, aliyenunua akapiga ukuta, njia ikafa. Gari likawa linaishia barabara kubwa, mbali na nyumba za watu. Wamelalamika weee, wanajibiwa suala lao linashughulikiwa.

Katikati ya makazi kulikuwa na bonde. Mwenye bonde akawaambia tupeni tu hapa. Lilipojaa akamwaga kifusi, akashindilia, akatafuta mteja.

Mteja ndiye mimi.

Watu waliongea kwa uchungu siku ile. Ule ukuta, lile gari, watoto kuumwa matumbo kila mvua zikianza. Zamu yangu ilipofika niliuliza swali moja: mliniona nikija na mke wangu, mbona hakuna aliyeninong'oneza hata neno?

Mwenyekiti akawa anaangalia simu yake.

Bi Mwanaidi akanyanyuka. "Mwanangu, mimi n'takujibu. Tulikuwa twala ndani ya chandarua kwa ajili ya inzi wa lile bonde. Mchana kweupe, mie na wajukuu wangu na sinia letu, ndani ya chandarua. Yule bwana katwambia akikosa mnunuzi anazoa kifusi chake anaondoka nacho. Ningekwambia, ungenunua?"

Nikasema nisingenunua.

"Ndo nikanyamaza. Na ingekuwa leo ningenyamaza vilevile. Unisamehe, lakini sikudanganyi."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Hasira ilibaki, ila sikujua tena niielekeze kwa nani.

Kumbe mwenyekiti naye alikuwa na lake. Kiwanja changu kwa nyuma kinagusa njia inayotoka barabara kubwa, na bonde limeshafukiwa, akaomba gari la taka likatize pembeni mwake. Mkutano mzima ukanigeukia. Nyumba pale haisimami mpaka kila kitu kilichofukiwa kizolewe, na uwezo huo kwa sasa sina. Nikakubali. Mnaotaka kuniita fala, ruksa.

Gari likaja Jumamosi. Watu walitoka na viroba vyao, akina mama wakapiga vigelegele utafikiri kuna harusi. Nikawaonyesha vijana wa gari lile rundo tulilochimbua kwenye msingi.

Wakakataa. Wao wanabeba taka za majumbani tu. Zile ni za ujenzi, mhusika ni mwenye kiwanja. Yaani takataka za kitongoji kizima zimeshakuwa zangu.

Rundo likabaki palepale.

Nilivyorudi baadaye kufyeka nyasi nikaona rundo limepungua upande mmoja. Ilikuwa Jumamosi, gari linakaribia. Bi Mwanaidi alikuwa ameinama pale na reki, anajaza kiroba. Kingine, cha jikoni kwake, kilikuwa tayari mlangoni. Vikitoka vyote kwenye mlango wake, vijana wa gari hawana la kusema.

Nikamwamkia, nikanyoosha mkono nimpokee.

"Marahaba. Acha mwanangu, hiki changu."

Nikaacha. Nilichukua fyekeo langu, nikaanza kufyeka.

Somo nililopata ni hili. Karatasi zitakuambia ardhi ni ya nani, ndani kuna nini hazisemi, kwa hiyo ukienda kuangalia kiwanja beba chepe. Na jirani usimuulize kama kiwanja ni kizuri. Muulize taka zake anatupa wapi.

Wenye uzoefu wa kujenga juu ya jalala la zamani, au waliowahi kumbana muuzaji wa namna hii wakafanikiwa, njooni mnishauri. Kejeli pia napokea, nimeshazizoea nyumbani.

Rundo bado ni kubwa. Ila Jumamosi iliyopita nyumba inayofuata baada ya kwa Bi Mwanaidi nayo ilitoa viroba viwili, kimoja kutoka rundoni.