Dorkasi na Maji ya Wageni

Shangazi yangu Dorkasi wa Magamba alikuwa mtu wa kuzama mawazoni. Ukimtuma chumvi anarudi na kuni, ukimuuliza anatabasamu tu. Mama alimsema kutwa kucha. Mimi nilimpenda hivyo hivyo, na hata leo sitaki kusikia mtu akimwita mvivu.

Mwaka 1972 alikuwa mfagizi katika maabara ya shule moja ya sekondari karibu na Lushoto. Mwalimu Salimu wa baiolojia alimkuta siku moja ameegemea ufagio, jicho kwenye hadubini, ukungu umeingia dirishani mpaka mezani naye hana habari. Badala ya kumfokea, akamfundisha kuwatunza wale viumbe aliokuwa akiwatazama: achemshe majani makavu, ayaache kwenye chupa ya jemu, aongeze maji ya tangi la saruji lililokuwa nyuma ya jengo. Mwili mzima wa kila kiumbe ulikuwa seli moja tu, bila jicho wala sikio, umezungukwa na vinywele vinavyopiga kasia. Dorkasi akawaita wagoshi, yaani wanaume kwa Kishambaa, kwa sababu, alisema, wanakwenda mbio bila kujua wanakokwenda.

Alichopenda zaidi ni kuwagusa. Aling'oa ukope wake mwenyewe, akaugandisha kwenye njiti ya kiberiti. Mgoshi akiguswa mbele husita, hurudi kinyumenyume, hugeuka kidogo, kisha hushika njia nyingine. Mwalimu alimweleza kwamba ngozi yao ina vilango vidogo mno. Ngozi ikisukumwa, vilango vinafunguka kimoja baada ya kingine, chokaa iliyoyeyuka majini inaingia, na vile vinywele vinapiga kinyume. Dorkasi alitembea na maneno hayo wiki nzima. Akipalilia maharage alijiona anaelea mahali pa kijani, kimya kabisa, ulimwengu wote ukimfikia kwa kumgusa tu.

Mwalimu akamwombea kazi ya msaidizi wa maabara kwa barua kwenda ofisi ya elimu ya mkoa, Tanga. Tanga wakajibu kwamba ofisa wa elimu, Bwana Rubeni, atakuja kumwona akifanya kazi, na kwamba msaidizi lazima aweze kuandika daftari la maabara. Dorkasi alikuwa bado darasani kwenye elimu ya watu wazima, ananakili tu ya ubaoni. Aliitaka kazi ile mpaka akakonda. Akiikosa, anarudi kwenye ufagio na hadubini anapewa mwingine.

Sasa, kwetu mgeni hapewi maji ya tangi. Ya tangi ni ya kufulia. Mgeni hukingiwa ya mvua, safi, kwa sufuria iliyosuguliwa. Asubuhi ya ukaguzi Dorkasi alikinga mvua kwa ajili ya Bwana Rubeni, akaona si haki wagoshi nao wapokee wageni ndani ya maji ya kufulia. Akawahamishia kwenye maji ya mvua. Hakumwambia mtu.

Bwana Rubeni akafika, akaamkiwa, akainama kwenye hadubini. Dorkasi akagusa. Mgoshi akausukuma ukope, akaendelea kuusukuma, kama hakuguswa. Akamgusa wa pili. Vilevile.

"Wadudu wenu wamelala, Mwalimu," Bwana Rubeni alisema. "Au ni wewe uliyewatia chumvi kwenye barua yako?"

Mwalimu Salimu akatazama chini. Dorkasi alisema baadaye kwamba aibu ile ya mwalimu ilimuuma kuliko kuikosa kazi. Angeweza kunyamaza, na lawama ingebaki kwa mwalimu. Alisimama akiitazama ile chupa, ametoka kabisa humu duniani, mpaka Bwana Rubeni akaanza kufunga mkoba.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Nimewapa maji ya wageni. Ya mvua hayajalala kwenye saruji, hayana chokaa. Vilango vinafunguka, lakini hakuna cha kuingia."

Akaenda tangini, akarudi na kikombe, akamimina kidogo, wakangoja. Alipogusa tena, mgoshi alirudi nyuma, akageuka, akaenda zake.

Bwana Rubeni akasogeza daftari mbele ya Dorkasi, akampa kalamu. "Andika lililotokea."

Hapakuwa na ubao wa kunakili. Aliandika kwa muda mrefu, jasho likimtoka kwenye baridi ile: Leo wagoshi hawakurudi nyuma. Maji ya mvua hayana chokaa. Kosa ni la Dorkasi.

Ofisa akasoma mara mbili. "Nimekagua maabara miaka sita," alisema, "na madaftari yote niliyosoma hayana kosa hata moja."

Akatia sahihi chini ya jina la Dorkasi. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza shangazi kuyaandika ili yasomwe na mtu mwingine, na ndiyo yaliyompa kazi.