Saa Tano au Masaa Matano

Mimi si mtu wa kuongea. Mtu akiniuliza kitu natoa jibu fupi ili aniache.

Mama alienda Dubai kufanya kazi za nyumba nikiwa darasa la tano. Sasa niko kidato cha tatu, na aliyenilea hapa Burumba, mpakani na Uganda, ni kukhu, mama yake mama. Jioni moja nilikuwa nimeinamia atlasi, nikipima kwa uzi kutoka Nairobi hadi Dubai. Simu ya mama ilikuwa haipatikani tena, basi nikapima. Uzi ulinipa kilomita elfu tatu na mia tano hivi.

Kukhu akauliza, "Ndege ya kutoka kwa mama yako ni saa ngapi?"

"Saa tano."

Mwalimu wetu wa Kiswahili hataki kusikia mtu akisema masaa. Hapa kwetu kila mtu husema masaa matano, na ningesema hivyo kukhu angenielewa.

"Haya," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi nilirudi kutoka kisimani nikakuta uwanja umefagiwa, jogoo amechinjwa, na kukhu ameketi mlangoni na gauni la kanisani. Jirani wetu wa mandazi alikuwa akimchungulia juu ya ua.

"Mama, leo unaolewa?" akamtania kukhu.

"Wacha wivu. Msichana wangu anaingia saa tano."

"Na hiyo ndege itatua wapi, kwa mihogo yako?"

"Itatua Nairobi. Uliza huyu, amesoma." Akaninyooshea kidole.

Niliweka mtungi chini. Nilingoja jirani aende, kisha nikasema kwa sauti ndogo, "Kukhu, nilimaanisha masaa matano ya njiani. Mama hajasema anakuja."

Alilainisha gauni kwenye magoti.

"Masaa matano tu? Kutoka huko kote?"

"Tu."

"Lori zinalala kwa foleni pale Malaba siku mbili, na Uganda naiona na macho yangu."

"Ndiyo, kukhu."

"Sasa kama si mbali, mbona haji?"

Nilijua. Mara ya mwisho mama alipopiga, aliniambia tajiri wake amemfungia paspoti kwa kabati, na nisimwambie kukhu, moyo wake si mzima. Nikasema sijui. Kukhu aliniangalia muda mrefu, na nadhani aliona kwamba najua. Hakuuliza tena.

Jogoo tulimla sisi wawili. Gauni hakulivua mpaka giza likaingia.

Zamani watu wakimwuliza habari za msichana wake alikuwa anajibu, "Ako mbali," na hiyo ilimtosha. Juzi jirani wa mandazi alimwuliza tena, safari hii kwa upole. Kukhu aliendelea kuchambua mboga.

"Ako tu," akasema.