Pete ya Ngozi ya Kondoo

Mkasi ulikuwa wangu, na hasira ilikuwa yangu. Kila Jumatatu asubuhi, katika shule yetu ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Nyeri, nilikagua kucha na nywele za kidato cha nne. Urembo haukuruhusiwa. Binti mmoja alipoficha mkono wa kulia nyuma ya sketi, niliuvuta. Kidole cha kati kilikuwa kimevishwa kipande cha ngozi mbichi, chenye manyoya bado, kinanuka mafuta. Sikuuliza kitu. Nilikikata nikakitupa kwenye pipa.

Hakulia. Alikitazama kidole chake, akanitazama mimi, na tangu hapo hakushika kalamu tena.

Walikuwa wamekuja shuleni wasichana watatu, Wamaasai kutoka upande wa Doldol. Mmoja aliolewa likizo ya kidato cha pili. Wa pili alienda nyumbani kwa mazishi, hakurudi. Huyu wa tatu nilikuwa nimeapa kumfikisha mwisho, nikimfundisha hesabu kila jioni hadi walimu wenzangu wakaanza kuniita mamake. Siku ya nne baada ya ukaguzi ule, kitanda chake kilikuwa kitupu. Mtihani wa kitaifa ulikuwa umebakisha wiki tatu.

"Nenda umlete," mwalimu mkuu aliniambia, "ama uniandikie maelezo kwa nini mtahiniwa wangu hayuko."

Nilipita Nanyuki nikiwa nimejiandaa na hotuba nzima kuhusu ndoa za mapema. Mimi ni mtu wa Kakamega, na miaka tisa karibu na Mlima Kenya ilikuwa imenipa kiburi cha kudhani nawajua watu wote wa huku. Baba yake nilimkuta zizini na ng'ombe wachache, mbavu zinahesabika. Binti alikuwa ameketi mlangoni kwa mamake na hakuinuka kunisalimia. Nikaanza hotuba yangu. Mzee akainua mkono.

"Nani amekuambia nataka kumuoza? Madam, mimi nilichinja kondoo. Na hii ukame yote! Nilichinja ndio huyu mtoto apite mtihani, wazee wakambariki. Hiyo ngozi inakaa kwa kidole mpaka ianguke yenyewe. Wewe ukakata."

"Sikujua, mzee."

"Hukuuliza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee aliendelea kwa sauti ya chini. "Sasa anasema lazima ataanguka mtihani. Mimi siwezi kumdanganya ati hataanguka."

Nilimwomba binti msamaha mbele ya wazazi wake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumfanyia mwanafunzi yeyote. Aligeuzia uso ukutani. Wazee waliitwa, wakajadiliana mchana kutwa huku mimi nikihesabu siku zilizobaki. Jibu lilipokuja, halikuwa nililotarajia: kondoo wa pili angechinjwa, lakini ngozi yake ingevaliwa na wawili, aliyekatiwa na aliyekata.

Mimi ni mtu wa kanisa. Niliogopa. Lakini niliponyoosha kidole, binti aliinuka akaja kusimama kando yangu. Wazee walitutemea maziwa ya baraka, na ngozi ikavishwa ikiwa bado na joto.

"Madam, usioshe sana," alininong'oneza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumatatu ile.

Asubuhi ya mtihani, msimamizi aliyeletwa kutoka nje alikuwa akipekua watahiniwa mlangoni. Alimshika binti mkono.

"Hii ni nini? Toa."

Binti akaganda. Zilibaki dakika nane.

"Haitoki," nilisema nikiwa nje ya mstari.

"Basi haingii. Nani ako na mkasi?"

Ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika kwa nguvu hadi ukaniuma kiganjani, kisha nikaweka mkono wangu mwingine juu ya meza yake, pete yangu ikinuka kama ya binti.

"Ikague. Inuse ukitaka. Lakini haikatwi."

Msimamizi alitazama vidole viwili, vya mwalimu na mwanafunzi, akamwita askari. Askari alifunua manyoya kwa ncha ya kalamu, taratibu.

"Hakuna maandishi. Ni ngozi tu."

"Ingia," msimamizi akasema, na binti akaingia.

Mwaka uliofuata alirudi kuchukua cheti. Alikuwa amepita, na nafasi ya chuo cha ualimu alikuwa ameshaipata. Kidole chake kilikuwa kitupu, nami nikamuuliza ngozi ilianguka lini.

"Ilianguka kwa karatasi ya pili ya hesabu," alisema. "Ikaingia chini ya dawati. Sikuinama, Madam. Wangesema naiba mtihani."

Nilimfungulia daftari la vyeti. Akatia sahihi kwa mkono uleule niliouvuta Jumatatu ile.