Daftari la Mlangoni

Wiki hii nilipanga foleni ya vyeti nyuma ya mama mmoja wa mtaa wa Jabe, aliyekuja kuandikisha kifo cha mumewe, mhasibu.

"Alikufa tarehe gani?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwili walimupata siku ya tatu, mu njia ya Kinama. Lakini alikufa hii siku." Akafungua daftari juu ya kaunta.

Tangu vita vianze, alieleza, mumewe alisimama mlangoni kila jioni kabla ya saa ya kutotoka nje, akaita kutoka daftari hilo majina ya watoto watano na la mama yao. Aliyeitika aliwekewa alama. Jina lake mwenyewe lilikuwa la mwisho. Kisha alipiga mstari mwekundu kwa rula na kufunga mlango. "Hata na malaria, anaita."

Ukurasa wa mwisho alama aliweka mama. Jina la baba halikuwa na alama, na chini yake hapakuwa na mstari.

"Madamu, hii si dokima, si karatasi ya serikali," karani alisema. Hata hivyo aliusoma ukurasa huo mpaka chini, akanakili tarehe, kisha akamsogezea rula na kalamu nyekundu. "Piga mustari basi, umalize."

Mama akairudisha rula. "Apana. Ni yeye anapigaka."

Karani akagonga muhuri, akaniita. Mimi, mlalamikaji mkuu wa foleni za mji huu, nikamwambia nitarudi kesho. Nina watoto wanne, na saa ile sikujua hata mmoja alikuwa wapi.